Boksi la sabufa linatoa upepo na resini bado inanata: nibomoe?

*"Habari mtaalamu. Nimejitengenezea boksi la sabufa ya inchi 12 la kukaa kwenye kona ya buti. Mbele na chini ni ubao wa MDF wa milimita 18, nyuma nimefuata umbo la gari kwa faibaglasi, matabaka manne ya mkeka wa nyuzi za kioo. Ndani kote, hata juu ya MDF, nimepaka resini kwa sababu nilisikia faibaglasi inaongeza besi. Sasa nina matatizo mawili. Nikipandisha sauti nasikia fsss, fsss kwa nyuma, na besi imekuwa nyepesi. Halafu leo ni siku ya tano na sehemu za ndani bado zinanata, na boksi linanuka vibaya. Mmoja ananiambia nijaze silikoni kila kona. Mwingine anasema nimwage resini nyingine humo ndani nilizungushe mpaka lizibe. Wa tatu anasema nibomoe nianze upya. Nimsikilize nani?"*

Kwa sasa usimsikilize yeyote. Wote watatu wanakupa tiba kabla ya kujua upepo unatokea wapi. Una matatizo mawili tofauti, kuvuja na kunata, na kila moja lina dawa yake. Ukikosea mpangilio, hasa ukianza na silikoni, utajizuia mwenyewe kufanya ile kazi ambayo ingelitengeneza boksi kabisa. Kubomoa nako si lazima, labda tukute resini imeharibika eneo kubwa, na hilo utalijua kwa ukucha wako tu.

Tuanze na hili la faibaglasi kuongeza besi, maana ndilo lililokufanya upake resini kila mahali. Haiongezi. Koni ya spika haijui ukuta umepakwa nini. Inachokijua ni hewa iliyofungiwa nyuma yake: ina ujazo gani, na je, imefungiwa kweli? Ziba mdomo wa pampu ya baiskeli kwa kidole kisha sukuma mpini, utahisi hewa inakurudisha. Ndani ya boksi lililozibwa ni hivyo hivyo. Hewa ni springi inayoongezea nguvu ile springi ya spika yenyewe, na boksi likiwa dogo springi inakuwa ngumu zaidi.

Ukitaka kujua boksi lako linapiga vipi, tafuta namba mbili kwenye karatasi iliyokuja na spika: Qts, inayoonyesha jinsi koni inavyozuiwa isitikisike ovyo, na Vas, ujazo wa hewa wenye ugumu sawa na springi ya spika yenyewe. Gawanya Vas kwa ujazo wa boksi, ongeza 1, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa Qts. Tuchukulie spika yenye Qts ya 0.45 na Vas ya lita 60, ndani ya boksi la lita 30. Jibu ni kama 0.78, ambayo ni nzuri tu. Wengi hulenga karibu na 0.7, na ukivuka 1 besi inaanza kuvimba na kugugumia. Sasa weka matabaka ya resini na mkeka ya jumla ya milimita 3 ndani ya boksi hilohilo. Umepunguza chini kidogo ya lita 2 za hewa, na hesabu inapanda hadi karibu 0.8. Hakuna sikio litakalosikia tofauti hiyo. Kwa hiyo tabaka la ndani halikuharibu sauti yako, ila halikuiongezea chochote pia.

Huenda aliyekuambia alichanganya faibaglasi ya mkeka na resini, ambayo ni ganda gumu, na sufi ya kioo inayojazwa ndani ya boksi. Sufi kweli inabadilisha sauti. Inapokea na kurudisha joto la hewa inayobanwa, springi inalegea kidogo, na spika inajiona kama iko kwenye boksi kubwa zaidi. Kwa sabufa ya gari ningependelea sufi ya polyesta, ile ya kujazia mito, kwa sababu vumbi la kioo likiingia kwenye uwazi wa koili ya spika utalijutia. Lakini hilo ni pambo la mwisho. Boksi linalovuja halisaidiwi na sufi.

Sasa nguvu iliyomo humo ndani, maana watu wengi huidharau. Koni ya inchi 12 ikienda milimita 10 inasukuma karibu nusu lita ya hewa. Kwenye boksi la lita 30, shinikizo linapanda kwa kilopaskali mbili na kitu. Inasikika ndogo, lakini iweke juu ya ubao wa sentimita 40 kwa 35 na utapata nguvu sawa na uzito wa zaidi ya kilo 30, ikisukuma nje kisha ikivuta ndani, mara 40 kila sekunde ukipiga mlio wa Hezi 40. Tundu la sindano kwenye ukuta huo litapiga mluzi. Ubao mwembamba utapumua. Na kiungo kilichoshikana nusu nusu kitaendelea kuachia kidogo kidogo kila unapowasha redio.

Ndiyo maana nikisikia fsss kwenye boksi la MDF na faibaglasi, macho yangu huenda kwanza kwenye mstari ambao vitu hivyo viwili vinakutana. Resini ya polyesta husinyaa inapokauka, kwa asilimia kadhaa za ujazo wake. Ikiwa imepakwa juu ya MDF laini ambayo haikukwaruzwa, inajivuta na kuachia ufa mwembamba usioonekana kwa macho. Mkeka nao haupendi kona kali ya ndani. Unakaa juu ya kona bila kuigusa na kuacha handaki la hewa kwa chini. Weka haya mawili pamoja na una njia ya upepo inayozunguka boksi zima.

Hata hivyo, usiguse mstari huo bado. Mara nyingi upepo hutoka mahali pa kawaida zaidi: kile kikombe cha plastiki cha terminali za waya, raba iliyo chini ya fremu ya spika, na matundu ya skrubu zilizotokeza ndani. Kikombe cha terminali ndicho mtuhumiwa wangu wa kwanza kila siku, na wewe umesema sauti inatokea nyuma.

Kupima ni hivi. Chomoa waya za spika kwenye amplifaya, kwa sababu amplifaya iliyowashwa inaishika koni kwa umeme na itakudanganya. Weka vidole vya mikono yote miwili kuzunguka katikati ya koni, sukuma taratibu na kwa usawa, kisha shikilia. Wengi huambiwa watazame kama koni inarudi polepole ikiachiwa, wakidhani huo ni ushahidi kwamba boksi limeziba. Hicho si kipimo cha kuaminika, maana koni inayokokota kurudi inaweza kuwa inasubiri hewa iingie kupitia tundu. Sikiliza mkono wako badala yake. Ukishikilia na ukinzani ukaisha ndani ya sekunde moja au mbili, hewa imetoka. Ukibaki kwa muda mrefu zaidi kisha ukafifia taratibu, hapo ni sawa. Hakuna boksi la spika linaloziba kama chupa, na koni zenyewe hupitisha hewa kidogo.

Kisha rudisha waya, piga mlio wa Hezi 30 kwa sauti ya wastani, na pitisha mgongo wa mkono uliolowana karibu na kila kiungo. Ngozi iliyolowa inahisi upepo ambao sikio halijui unatoka wapi. Upande wa faibaglasi unaweza kupaka maji ya sabuni na kutafuta mapovu. Usipake maji hayo kwenye MDF tupu, itavimba.

Kuna njia nyingine ninayoipenda kwa ganda la faibaglasi lisilopakwa rangi. Toa spika, ingiza taa yenye mwanga mkali ndani ya boksi, zima taa za chumba. Ganda lote litang'aa rangi ya asali hafifu. Tundu litaonekana kama nukta nyeupe kali. Na sehemu ambazo resini haikupenya utaziona kama mafungu ya nyuzi meupe, yamekauka, tofauti na nyuzi zilizolowa vizuri ambazo hupotea machoni kabisa. Zungushia kila doa kwa kalamu. Ukishamaliza hapo utajua kama una kazi ya dakika kumi au ya siku mbili.

Twende kwenye kunata. Kuna kunata kwa aina mbili na watu huzichanganya sana.

Aina ya kwanza ni tabia ya kawaida ya resini ya polyesta isiyo na nta. Oksijeni ya hewani inazuia uso wake kukauka, kwa hiyo chini ni ngumu kama jiwe lakini juu panabaki ulimbo mwembamba. Imetengenezwa hivyo makusudi ili tabaka linalofuata lishike vizuri. Fundi anayemalizia kazi hutumia resini yenye nta kwenye mkono wa mwisho. Nta inaelea juu, inazuia hewa, na uso unakauka kabisa.

Aina ya pili ni resini ambayo haikuiva. Hadina, kile kimiminika kinachochanganywa ili resini ikauke, ilikuwa pungufu, au haikukorogwa hadi pembeni na chini ya kopo, au siku hiyo palikuwa na baridi. Kipimo chake ni rahisi. Chovya kitambaa kidogo kwenye asetoni, sugua mahali pamoja, halafu bonyeza ukucha. Ulimbo ukitoka na chini pakawa pagumu, una aina ya kwanza na hakuna kilichoharibika. Ukucha ukizama, au nyuzi zikavutika kama bado mbichi, una aina ya pili.

Kwa aina ya pili, jaribu joto kwanza. Weka boksi mahali pakavu penye jua au chumba chenye joto kwa siku moja au mbili. Usitumie moto wa wazi wala kuchoma kwa bunduki ya joto, mvuke wa resini unashika moto. Sehemu zisizobadilika baada ya hapo zikwangue zote. Kupaka hadina tupu juu yake hakusaidii, maana haitapenya, na kufunika resini mbichi kwa tabaka jipya ni kujenga juu ya tope. Ikiwa ganda zima la nyuma ndilo bichi, basi huyo wa tatu alikuwa na haki: bomoa ganda hilo, bakiza MDF.

Ili lisijirudie, acha kukadiria kwa macho. Hadina ya kawaida ya polyesta, MEKP, hutumiwa kwa asilimia 1 hadi 2 ya uzito wa resini. Fuata kilichoandikwa kwenye kopo. Gramu 500 za resini zinahitaji gramu 5 hadi 10. Pima resini kwa mzani na hadina kwa bomba la sindano, koroga dakika nzima ukikwangua kuta za kopo. Fanya kazi palipo na nyuzi joto kati ya 18 na 25 ukiweza. Uliza pia kama resini uliyouziwa tayari ina kobalti, kiharakishi kinachoiamsha hadina. Kama haina, hadina peke yake itakuacha ukisubiri. Na ukipewa kobalti pembeni, ikoroge ndani ya resini mpaka ipotee kabisa, ndipo uweke hadina. Usizikutanishe kobalti na hadina zenyewe kwa zenyewe hata tone, zinaweza kulipuka.

Baada ya kunata kuisha, ndipo tunaziba. Kama taa na mkono vimekuonyesha kikombe cha terminali au raba ya spika, badilisha raba, safisha uso, weka mstari wa silikoni isiyo na harufu ya siki au sealanti ya polyuretheni, funga skrubu kwa zamu za msalaba, umemaliza. Hapo ndipo silikoni ina nafasi yake. Ndani ya kona zote, hapana. Ile inayonuka siki hutoa asidi inapokauka, na kuifungia ndani ya boksi pamoja na nyaya laini za shaba zinazoingia kwenye koni si jambo la busara. Kibaya zaidi, mahali palipoguswa na silikoni resini haitashika tena, na kuisafisha yote ni karibu haiwezekani. Fundi yeyote wa rangi za magari atakunja uso ukimtajia.

Kama ni kiungo cha MDF na faibaglasi, fanya kazi yote ndani ya boksi, kupitia tundu la spika. Kwaruza kwa msasa namba 80, sentimita tano kila upande wa mstari, mpaka mng'ao wote upotee. Mshikamano wa resini mpya na ile iliyokwisha kukauka unategemea mikwaruzo, hautegemei urafiki. Fyonza vumbi. Piga mkono mmoja wa resini tupu kwenye MDF, hasa kingo zilizokatwa kwa msumeno, kwa maana kingo hizo hunywa resini na zisiposhibishwa zitaunyonya mkeka wako mpaka ukauke. Jaza kona kwa puti ya bodi ili ile pembe kali iwe mviringo. Hatua hii watu huiruka kwa sababu haionekani, na ndiyo inayoondoa lile handaki nililokutajia.

Juu yake weka vipande vya mkeka wa gramu 450, upana wa sentimita 10 hivi. Vichane kwa mikono badala ya kuvikata kwa mkasi. Ncha zilizochanika zinalala bila kuacha ngazi. Gonga-gonga kwa brashi, usipake kama rangi, la sivyo nyuzi zitakufuata. Endelea kugonga mpaka weupe wa nyuzi upotee na hewa itoke. Matabaka mawili au matatu yanatosha kwa kiungo. Kwa ganda lenyewe, kila tabaka la mkeka huo linakupa karibu milimita moja, kwa hiyo matabaka yako manne ni membamba kwa sabufa ya inchi 12. Ningefikisha sita au saba, hasa pale ambapo ganda limenyooka; palipojikunja pana ugumu wake tayari.

MDF nayo, ikiwa ubao wa mbele unapumua, haitaponywa na resini. Milimita moja ya resini juu ya milimita 18 ni kama hakuna. Weka ubao wa kuegemeza katikati, kutoka ukuta hadi ukuta. Ukiugawa urefu ulio huru mara mbili, kupinda kunashuka hadi kama sehemu moja ya kumi na sita.

Na ule ushauri wa kumwaga resini na kuzungusha? Si mbaya, ni wa mwisho. Resini iliyochanganywa na puti mpaka itiririke polepole, ukiigeuza boksi upande hadi upande, inaziba vitundu vidogo ambavyo brashi haiwezi kufika. Lakini haina nyuzi ndani yake. Ukiimwaga juu ya kiungo kilichoachia itapasuka hapo hapo. Mimina kidogo kidogo, isizidi milimita chache kwa mara moja, maana resini inayokauka inatoa joto, na dimbwi lenye kina huchemka, hutoa moshi na kupasuka. Hata mabaki kwenye kopo yaweke nje, mbali na makaratasi.

Kuna chaguo la epoksi, resini ya aina nyingine. Inashika MDF na polyesta iliyokauka vizuri kuliko polyesta yenyewe, na haina ile harufu ya stirini, kimiminika kilichomo kwenye resini ya polyesta. Kwa kukarabati kiungo kimoja ningeichagua bila kusita kama mfuko unaruhusu. Masharti yake: vipimo vyake havina mjadala, kuongeza hadina hakuharakishi bali kunaharibu, tumia kitambaa cha faibaglasi kilichofumwa, kwani gundi ya mikeka mingi huyeyushwa na stirini ambayo epoksi haina, na ukishaweka epoksi usirudi na polyesta juu yake.

Harufu uliyoitaja usiichukulie kama usumbufu tu. Ni stirini, na mwaka 2018 wakala wa WHO wa utafiti wa saratani, IARC, aliiweka kwenye kundi la vitu vyenye uwezekano mkubwa wa kusababisha saratani kwa binadamu. Usiendeshe gari likiwa na boksi hilo ndani mpaka harufu iishe. Ukiwa kazini vaa barakoa yenye vichujio vya mvuke. Ile ya karatasi inazuia vumbi la msasa, mvuke unapita. Vaa miwani kila unapogusa hadina. Tone moja jichoni linaweza kukupofusha, kwa hiyo likitokea osha kwa maji yanayotiririka bila kukoma kwa angalau dakika 15 kisha nenda hospitali mara moja, hata kama maumivu yamepungua. Kizunguzungu, kichwa kuuma au kifua kubana ni ishara ya kutoka nje na kuacha kazi siku hiyo; kifua kikiendelea kubana, muone daktari.

Fundi mtafute kama ganda linachanika unapolivuta kwa mkono, kama kiungo kimeachia tena baada ya ukarabati, au kama hujui boksi litafungwaje kwenye bodi ya gari. Hilo la mwisho si dogo, boksi zito lisilofungwa huruka mbele ukifunga breki ghafla. Kwa resini, fundi wa boti za faibaglasi mara nyingi anaijua kazi kuliko fundi wa redio za magari. Na kama kona ya buti si ya lazima kwako, boksi la MDF la kawaida, lenye gundi nzuri ya mbao kwenye kila kiungo na ujazo uleule, litapiga sawa kabisa na hili.

Anza na kikombe cha terminali kesho asubuhi. Ukishaziba, rudia kipimo cha mkono kabla hujarudisha boksi kwenye gari, na uache resini ya mwisho ikauke mpaka ukiingiza pua kwenye tundu la spika usisikie kitu. Ndipo ufunge spika.